Mtoto haachi shule kwa siku moja: kinachowatoa vijana wetu sekondari, na mlango wa kurudia uko wapi

Muhula ukifunguliwa, vipindi vya simu kwenye redio za huku mpakani Busia, upande wa Uganda, huwa na mada moja. Mpigaji wa kwanza anasema vijana wameonja pesa za boda boda na hawataki tena vitabu. Wa pili anawalaumu wazazi: serikali imeshasema sekondari ni bure, wanangoja nini? Wa tatu ana binti aliyejifungua mwaka jana. Anauliza kwa sauti ya chini kama sheria inamruhusu kurudi, na mtangazaji, kwa nia njema kabisa, anampa jibu lisilo sahihi. Wote watatu wanasema "kuacha shule", lakini kila mmoja ana lake kichwani.

Mkanganyiko huu unatugharimu. Kijana ambaye angeweza kuwa darasani Jumatatu ijayo anahesabiwa kuwa ameshapotea, na yule anayepotea mbele ya macho yetu hahesabiwi kabisa, kwa kuwa jina lake bado limo kwenye rejista. Kwa hiyo tuanze na maana, halafu tupande taratibu.

Nani hasa ameacha?

Mfumo wetu wa Uganda una miaka saba ya msingi inayoishia kwenye mtihani wa PLE, miaka minne ya sekondari ya chini, S1 hadi S4, inayoishia UCE, na miwili ya juu, S5 na S6, inayoishia UACE. Aliyeacha shule ni yule aliyeandikishwa, akaondoka kabla ya kumaliza ngazi aliyokuwemo, na hasomi mahali pengine popote. Sharti moja likikosekana, huyo tumpe jina lingine.

Aliyehamia shule ya Tororo hajaacha, hata kama shule yake ya zamani haina habari zake. Mtoro anayefika siku tatu kwa wiki hajaacha, ingawa yuko njiani. Aliyemaliza P7, darasa la mwisho la msingi, asiingie S1 hajaacha sekondari, maana hakuwahi kuingia, na dawa yake ni nyingine. Halafu kuna kundi ambalo kila mzazi wa Uganda analijua: waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kwenye karatasi ni wanafunzi. Kwa hakika wako nyumbani, wanaangalia wadogo zao, wanachota maji, wanangoja. Wiki tatu zikipita, kule kungoja kunageuka kuwa maisha. Kwangu mimi hili ndilo kundi la kulikimbilia kwanza, kwa sababu hawajaamua kuacha na hakuna mtu aliyetamka kwamba wameacha. Wanateleza tu.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana ukifuata kundi moja la watoto. Mwaka 2019 watahiniwa wa PLE walioandikishwa walikuwa karibu 696,000. Waliofaulu na kuendelea waliingia S1 Februari 2020, wakawa wa kwanza kusoma mtaala mpya wa sekondari ya chini, na wakafanya UCE mwaka 2024. Mwaka huo watahiniwa wa UCE walioandikishwa walikuwa karibu 359,000. Ni kama nusu. Tafadhali usichukue tofauti hiyo yote ukaiita "walioacha sekondari". Ndani yake wamo walioanguka PLE, waliokosa shule ya kuingia, waliokwenda ufundi, na waliorudia darasa. Lakini nusu ni nusu, na inatuonyesha kwamba mfuko huu unavuja kuanzia kabla ya S1, wala si S3 peke yake kama tunavyopenda kusema.

Kundi hilo pia ndilo lililopigwa na korona likiwa limekaa S1 wiki chache tu. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguka kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko kwa nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 2021 Mamlaka ya Taifa ya Mipango ilikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kamwe. Tunaishi na vijana hao leo. Wako kwenye gereji, kwenye vibanda vya simu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tiira, na wengi wao wana miaka 18 hadi 22. Hao si wazee.

Kuondoka kidogo kidogo

Watu huulizana, "Aliacha lini?" kana kwamba kuna tarehe. Mtoto huondoka shuleni kama mpangaji anayehama kimya kimya: leo anatoa redio, kesho godoro, keshokutwa sufuria, na siku mwenye nyumba anapobisha hodi chumba kimeshakuwa kitupu zamani.

Ukitaka kuona kuhama huko, fungua rejista ya darasa. Chukua S2 yoyote ya shule ya kutwa karibu na mpaka. Muhula wa kwanza, jina la mvulana mmoja lina alama za kuhudhuria mfululizo, Jumatatu hadi Ijumaa. Katikati ya muhula wa pili Ijumaa zinaanza kubaki wazi. Ijumaa ni siku nzuri ya kubeba katoni za watu kwenye njia za panya, na kijana akitoka huko ana elfu tano au kumi mfukoni. Kisha Alhamisi nazo zinabaki wazi. Halafu inakuja wiki nzima yenye nafasi tupu, siku mbili za kuhudhuria, na wiki nyingine tupu. Kwenye jaribio la hisabati la kati ya muhula hakuna alama, kwa sababu hakuwepo. Muhula wa tatu jina lake linakatwa kwa kalamu nyekundu na mwalimu anaandika "ameacha". Kalamu hiyo imechelewa miezi mitano.

Mambo haya yamepimwa kwingine. Mjini Philadelphia, Marekani, Robert Balfanz na wenzake waliwafuatilia takriban watoto 13,000 kuanzia darasa la sita kwa miaka mingi, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Waliona kwamba dalili chache za mapema, yaani mahudhurio mabovu, tabia mbaya darasani, na kuanguka hisabati au lugha, ziliweza kuwatambulisha zaidi ya nusu ya watoto ambao baadaye hawakuhitimu. Darasa la sita! Miaka mingi kabla ya siku ambayo mtu yeyote angesema wameacha. Philadelphia si Busia, na sisi tuna njaa na karo ambazo wao hawana kwa namna yetu, lakini rejista ni rejista. Mtoto anayekosa shule anatuambia jambo.

Huko Marekani wametumia kipimo rahisi ambacho shule yoyote ya hapa inaweza kukiazima bila kununua chochote: mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo ahesabiwe kuwa hatarini, awe na sababu au asiwe nayo. Muhula wa wiki 12 una siku 60 za masomo. Asilimia 10 ni siku sita. Kwa hiyo siku ya sita ya kukosa, mtu apige simu nyumbani. Asisubiri barua ya bodi wala mkutano wa wazazi. Swali liwe, "Mama, kijana hatujamwona, kuna nini?" na lisiwe, "Kwa nini mtoto wako ni mtoro?" Swali la kwanza linaleta jibu. La pili linaleta uongo au kimya, na baada ya hapo mama huyo hatapokea tena simu ya namba hiyo.

"Lakini sekondari ni bure"

Hili ndilo dai linalotugombanisha zaidi, na lina ukweli nusu. Uganda ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1997, na mwaka 2007 ikaanza Elimu ya Sekondari kwa Wote, inayojulikana kama USE, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Serikali inatoa ruzuku kwa kila kichwa kwa shule zilizo kwenye mpango, na mtoto aliyepata jumla ya alama 28 au bora zaidi kwenye PLE ana haki ya kuingia.

Tazama kile ambacho ruzuku hiyo haigusi. Hailipi bweni. Hailipi chakula cha mchana. Haimnunulii mtoto sare, viatu wala madaftari. Na si kila shule ya sekondari imo kwenye mpango. Bado kuna kata ndogo ambazo hazina sekondari ya serikali, ndiyo maana serikali imekuwa ikijenga zile zinazoitwa shule za mbegu ili kila kata ndogo ipate moja. Kabla haijafika, mzazi ana mambo mawili: kumlaza mtoto karibu na shule kwa gharama, au kumtembeza kilomita nyingi asubuhi na jioni. Zamani baadhi ya shule binafsi zilikuwa zikipokea wanafunzi wa USE kwa makubaliano na serikali, lakini mpango huo ulianza kufungwa mwaka 2018, na maeneo yaliyozitegemea yaliumia.

Kwa hiyo karatasi ya mahitaji ambayo mtoto huja nayo siku ya kufunga shule, hata ile ya "bure", huwa na mistari mingi: rimu ya karatasi, ufagio, karatasi za chooni, mchango wa chakula, mchango wa maendeleo, sweta la shule lenye nembo ambalo haliuzwi sokoni ila shuleni. Kila mstari peke yake ni mdogo. Mama anayeuza nyanya anavijumlisha vyote kwa siku moja, na ana watoto wanne.

Tukaribie kidirisha cha mhasibu wa shule, asubuhi ya pili ya muhula. Mama ameshika noti zilizokunjwa ndani ya leso. Mhasibu ni kijana mdogo, anaangalia daftari lake.

"Mama, salio la muhula uliopita ni laki moja na themanini. Na muhula huu unajua."

"Mwanangu, nimekuja na hamsini. Mumpokee mtoto, mwisho wa mwezi nitaleta nyingine."

"Mama, mimi siamui. Nimeambiwa nisipokee chini ya nusu."

Anafunga leso, anaondoka na mtoto wake na elfu hamsini zake. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami tufanye hesabu. Kabla mama hajafika, shule ilikuwa inamdai 180,000. Baada ya kuondoka, shule bado inamdai 180,000, na zile 50,000 zilizokuwa mlangoni zimerudi sokoni. Kama shule hii ni ya USE, ruzuku huja kwa idadi ya vichwa, hivyo kichwa kimoja kikipungua shule yenyewe inapungukiwa. Mtoto naye yuko nyumbani. Sioni aliyefaidika. Najua walimu wakuu wengi wana madeni ya mahindi na maharage, mfanyabiashara naye anabisha, na siwabezi hata kidogo. Lakini kumtoa mtoto darasani hakujawahi kulipa deni la posho, yaani ugali wa shule. Makubaliano ya maandishi ya kulipa kidogo kidogo, mtoto akiwa darasani, hulileta deni polepole angalau. Zipo shule zinazopokea mahindi, maharage au kuni badala ya sehemu ya fedha, na msimu wa mavuno hilo huokoa watoto wengi.

Chakula nacho kisipuuzwe. Kijana wa S3 anayekaa na tumbo tupu kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni huku wenzake wamepanga foleni ya posho hatakaa muhula mzima. Ataanza kuondoka mchana. Na anayeondoka mchana ameshaanza kuhamisha vyombo.

Mimba: kipi kilitangulia?

Nimeacha jambo hili hadi hapa makusudi, kwa sababu ndilo lenye kelele nyingi na maelezo machache. Uchunguzi wa afya ya watu wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 25 ya wasichana wa Uganda wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Ule wa 2022 ukaonyesha asilimia 24. Msichana mmoja kati ya wanne, na miaka sita baadaye karibu hatujasogea.

Simulizi ya kawaida ni kwamba msichana anapata mimba, kisha anaacha shule. Hutokea, tena mara nyingi. Lakini kinyume chake nacho hutokea, na kinasemwa kwa nadra: msichana anatoka shuleni kwanza, kwa karo au kwa sare, anakaa nyumbani, anaanza kwenda sokoni, anakutana na mtu mwenye pesa ya nauli na chapati, na mimba inafuata. Magharibi mwa Kenya, si mbali na hapa, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walijaribu jambo dogo: kuwapa watoto wa madarasa ya juu ya msingi sare za bure. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walipungua kutoka takriban 19 hadi 16 kwa kila mia, na waliopata mimba walipungua vilevile, kutoka takriban 16 hadi 13. Ni sare tu iliyotolewa, bila hotuba yoyote ya maadili. Ikiwa sare inapunguza mimba, basi darasa lenyewe ni kinga, na kila msichana tunayemrudisha nyumbani kwa kukosa sweta tunamtoa kwenye kinga hiyo kwa mikono yetu.

Sasa jibu la yule mpigaji simu wa tatu. Hakuna sheria ya Uganda inayomfungia shule msichana aliyejifungua. Kinyume chake, Desemba 2020 Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwongozo uliorekebishwa wa kuzuia na kushughulikia mimba za utotoni shuleni. Unasema msichana mwenye mimba achukue likizo ya lazima mimba inapofikia miezi mitatu, na aruhusiwe kurudi mtoto akishafikisha miezi sita. Mvulana mwanafunzi aliyehusika naye huwekwa likizo. Shule inatakiwa kumpokea msichana huyo, na kama kejeli zitamzidi pale alipokuwa, asaidiwe kupata nafasi shule nyingine. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, wizara ilitamka wazi kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wapokewe, ingawa baadhi ya viongozi wa dini wenye shule walipinga.

Mwongozo huo nauona una kasoro moja kubwa. Neno "lazima" kwenye likizo linamtoa nje msichana ambaye pengine angeweza kuendelea kusoma miezi mingine mitatu au minne, na linaiweka miezi yake ya kukaa nje kuwa mingi kiasi kwamba mwaka mzima unakatika. Pia upimaji wa mimba wa kila muhula, kama hautafanywa kwa siri na staha, huwafanya wasichana wakimbie kabla hata ya kupimwa. Hata hivyo, kwa mzazi aliyeko nyumbani na binti leo, cha kushika ni hiki: kurudi kunaruhusiwa, kumeandikwa, na mwalimu mkuu anayesema "sisi hatupokei mama" anasema sera yake mwenyewe. Kuhusu mitihani, baraza la mitihani, UNEB, limekuwa likiwaruhusu watahiniwa wajawazito na wanaonyonyesha kufanya mitihani yao.

Jambo moja zaidi, nalisema bila kulizungusha. Kama msichana ana chini ya miaka 18, aliyempa mimba akiwa mtu mzima ametenda kosa la jinai. Mazungumzo ya ng'ombe na mbuzi kati ya familia mbili hayalifuti kosa hilo. Namba ya simu ya bure ya watoto, Sauti 116, hupokea taarifa za namna hii, na hupokea pia taarifa za mtoto anayezuiwa kusoma.

"Umri umempita"

Ndani ya gereza la Luzira, Upper Prison, kuna kituo cha mitihani cha UNEB. Watu wazima waliofungwa, wengine wenye mvi, hufanya PLE, UCE na UACE humo. Ikiwa mfungwa wa miaka 40 anafanya UCE, kijana wa miaka 20 anayetengeneza pikipiki pale stendi asiambiwe kwamba umri umempita. Kinachomzuia ni aibu ya kukaa na watoto wa miaka 14, na aibu hiyo ni ya kweli, tusiidharau. Ndiyo maana wengine hufanikiwa zaidi wakienda shule ya mji mwingine, au shule zenye madarasa ya watu wazima.

Lakini kuna jambo jipya ambalo wengi hawajalielewa, na linabadilisha ushauri wa zamani. Zamani mtu aliyetoka shuleni angeweza kukaa nje miaka, akasoma madaftari ya wenzake, akajiandikisha kama mtahiniwa wa binafsi, akafanya mtihani. Chini ya mtaala mpya, matokeo ya UCE hayatokani na mtihani wa mwisho peke yake: asilimia 80 ni mtihani, na asilimia 20 ni kazi alizofanya darasani, zilizotunzwa na shule kwa muda mrefu kabla ya mtihani. Pia kuna kazi ya mradi. Kwa hiyo anayetaka kurudi asingoje S4. Kila muhula anaokaa nje unamwondolea alama ambazo hataweza kuzirudisha kwa kukesha Oktoba. Kijana aliyeishia S2 na anayetamani kurudi, arudi mwanzoni mwa S3, au arudie S2. Kurudia mwaka mmoja kunauma kidogo. Kufika S4 bila alama za darasani kunauma zaidi.

Upande wa pili ni ufundi, na hapa kuna dhana ambayo wazazi wengi wanaishika kwa nguvu: kwamba ufundi ni wa walioshindwa. Sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 imeweka bodi moja ya kupima mafunzo hayo, UVTAB, na njia yenyewe ina ngazi za kupanda kama ilivyo kwa masomo ya kawaida. Mtu anaweza kupimwa stadi moja moja na kupata cheti kwa kila aliyoimudu. Yule kijana wa gereji aliyejifunza kazi kwa kuishika, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa ujuzi alio nao tayari na kupewa uthibitisho wake. Kwa kijana ambaye amekataa katakata kurudi S3, nisingemlazimisha. Ningempeleka kupimwa kwanza. Cheti cha kwanza mkononi mara nyingi humfanya mtu aliyejiona bure aanze kuuliza kuhusu cha pili. Na baadaye kabisa, vyuo vikuu kama Makerere vina mtihani wa kuingia wa watu wazima kwa aliyefikisha miaka 25.

Kurudi kunaanzia wapi

Kitu cha kwanza ni karatasi. Tafuta matokeo ya PLE ya kijana, hasa namba yake ya mtihani, maana shule itaihitaji wakati wa kumwandikisha kwa UCE. Kama karatasi ilipotea au iliungua na nyumba, shule ya msingi aliyosomea huwa na orodha, na UNEB yenyewe huthibitisha matokeo. Tafuta ripoti za mihula aliyosoma na namba yake ya utambulisho wa mwanafunzi, LIN, kama alishapewa. Shule ya zamani ikishikilia ripoti kwa sababu ya deni, usikate tamaa hapo: omba barua inayoonyesha darasa aliloishia, na omba deni liandikwe kando.

Halafu nenda umuone mwalimu mkuu kabla ya wiki ya kufungua. Wiki ya kufungua ni ya foleni na hasira, na mtu mwenye jambo zito hasikilizwi. Nenda wiki moja kabla, ukiwa na kijana mwenyewe. Aseme kwa mdomo wake kwamba anataka kusoma. Kwa msichana mwenye mtoto, mtafuteni pia mwalimu mlezi wa wasichana, ambaye kila shule inatakiwa kuwa naye, na mkubaliane mapema mtoto atabaki na nani, msichana atanyonyesha saa ngapi, na siku mtoto akiugua atamwambia nani. Mambo hayo yasiposemwa mapema, homa ya kwanza ya mtoto itamtoa mama yake shuleni kwa mara ya pili.

Kama shule imekataa bila sababu, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kuandika barua, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo anaweza kwenda naye, na ofisi ya elimu ya wilaya ndiyo yenye mamlaka juu ya shule za eneo lake. Wengi huogopa ofisi hizo. Nenda na mtu.

Na upande wa shule, kazi ngumu iko baada ya siku ya kwanza. Aliyerudi huondoka tena kwa wepesi kuliko ambaye hakuwahi kuondoka, na wiki sita za mwanzo ndizo za hatari, wakati hajui masomo yamefika wapi na wenzake wanamwita "mzee" au "mama". Mwalimu wa darasa amwekee mwenzake mmoja wa kumpa madaftari. Amwulize jambo moja kila Ijumaa. Rejista yake iangaliwe kila wiki, na akikosa siku mbili mfululizo mtu apige simu siku ya pili jioni, asingoje zifike sita.

Makubaliano ya karo yaandikwe nakala mbili, moja ya mzazi na moja ya mhasibu, yakitaja kiasi cha kila wiki au kila mwezi, siku ya kulipa, na mstari mmoja unaosema kwamba malipo yakichelewa mzazi ataitwa yeye, na mtoto ataendelea kukaa darasani.